Maharage Hayana Mama

Mwezi uliopita nilikwenda Bukiriro, wilayani Ngara, kumzika Mama Renatha, na nusura nicheke msibani. Kijana aliyepewa kipaza sauti alisimama kusoma wasifu wa marehemu, akafika pale wanapofika wote, akasema marehemu ameacha watoto watano, wajukuu kumi na wanane na vitukuu wawili. Hapo kicheko kikanipanda. Mwanamke huyu, akiwa hai, asingekubali mtu amhesabie watoto hata kama mtu huyo angekuwa mkuu wa wilaya. Nilijifunika mdomo kwa kitenge, majirani wakadhani nalia, na kabla kicheko hakijaisha nikawa nalia kweli. Baada ya maziko walinifuata walimu wawili wa shule niliyoanzia kazi, wasichana wadogo wenye heshima, wakaniamkia shikamoo, wakaniambia wanataka kuwapeleka wanafunzi Burigi. Siku hizi ni hifadhi ya taifa, si lile pori la akiba tulilolijua sisi. Wakanionyesha kwenye simu orodha yao: omba kibali mapema, nenda kiangazi, usivae bluu wala nyeusi kwa sababu ya mbung'o, usishuke garini bila askari, usilishe wanyama, rudi na taka zako. Nikaisoma yote kwa miwani. Nikawaambia ni orodha nzuri, na ni nzuri kweli. Nilitaka kuongeza neno, lakini sikujua nianzie wapi, na watu walikuwa wanaitwa kula.

Basi naanzia hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, ni mwaka wangu wa kwanza kazini na sijathibitishwa bado, nimepanga chumba kwa Bi Mwanaidi pale kwenye maduka. Babu yake alikuja na biashara kutoka Pangani. Yeye mwenyewe bahari hajaiona, ila ukimsikia anavyoizungumzia ungedhani ameiacha jana. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi, na ukuta ambao haukufika juu. Aliyejenga nyumba ile aliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, akaona inatosha. Kwa hiyo mwaka mzima nilikula, nikasahihisha madaftari na kulala nikisikia kila kinachosemwa upande wa pili, na wao wakinisikia mimi hata nikigeuza ukurasa. Asubuhi niliamshwa na harufu ya iliki na sauti ya Bi Mwanaidi akihesabu maandazi yanavyotoka kwenye mafuta. Alihesabu kila kitu mwanamke yule, misumari, mafungu ya chumvi, hata vijiti vya kiberiti alipokuwa hana kazi. Jioni alinipitishia sahani juu ya ukuta, ndizi na maharage, au ugali wa muhogo na dagaa. Nikichelewa kuipokea ananiuliza kama walimu wa siku hizi wanashiba kwa kusoma.

Wazo la safari lilizaliwa darasani, kwa aibu yangu. Niliwaambia Darasa la Sita wachore twiga, mtoto mmoja akanichorea ng'ombe mwenye shingo ndefu, na kiwele chake kimejaa maziwa. Nilicheka mpaka nikakaa. Kisha nikauliza nani amewahi kumwona mnyama wa porini akiwa hai. Mikono haikunyooka. Nyani waliwajua, maana nyani ni mwizi wa kila shamba, lakini mengine yote yalikuwa maneno ya kitabuni, na pori lenyewe lipo wilaya ya pili, Biharamulo, mwendo wa siku moja kwa lori. Nikawaambia tutakwenda. Mdomo wangu wa wakati ule ulikuwa unatangulia, akili inafuata nyuma kwa miguu.

Mwalimu mkuu alisikiliza akichokonoa meno, akaniambia, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hakusema la mkuu ni lipi. Nikalichukua kuwa ni ruhusa. Miezi mitatu nikaandika barua: kwa afisa elimu, kwa ofisi ya pori, kwa shule moja ya Biharamulo mjini watulaze madarasani. Ofisi ya pori ilijibu kwamba tutapewa askari wa kutuongoza, ikaongeza masharti. Niliyanakili ubaoni na watoto wakayaimba asubuhi na jioni. Hakuna kelele. Hakuna kumtupia mnyama chakula. Hakuna kitu chetu kinachobaki porini, hata ganda la karanga. Anayepotea hatembei kutafuta wenzake, anasimama pale gari lilipomwacha. Hili la mwisho nililitunga mwenyewe. Tabu ilikuwa sare. Sketi za wasichana wetu zilikuwa za bluu, na mbung'o wanaipenda bluu kama nzi wanavyopenda kidonda, lakini mwalimu mkuu alisema watoto wa shule bila sare ni wahuni tu. Tulibishana wiki nzima. Ni Bi Mwanaidi aliyemaliza ubishi, kwa kunipitishia juu ya ukuta jora la kitambaa cha kaki lililokaa dukani mwake bila mnunuzi, akisema nishone sketi, na mwalimu mkuu akiuliza aambiwe ni msaada wa mfadhili. Kaka yake mdogo, Athumani, alikuwa na lori la kubebea maharage kwenda Biharamulo, akakubali kutubeba siku atakayokuwa anakwenda na mzigo nusu. Njia ile wakati huo ilikuwa na watekaji, magari yalikuwa yanasubiriana njiani, pale Nyakahura, ili yaende kwa msafara na polisi. Hilo nalo niliandika kwenye daftari. Niliandika kila kitu, nikajiona mtu mzima.

Kisha nikawaita wazazi. Walikuja akina mama, wengine na watoto mgongoni, wakakaa kwenye madawati. Nikawasomea mpango wangu wote, nikafika penye hesabu: kila tukishuka na kila tukipanda nitawahesabu watoto mmoja mmoja. Darasa likanyamaza. Nikadhani wamevutiwa. Mama mmoja mwembamba aliyekaa dirishani, akisuka kikapu, aliinua uso akasema taratibu, "Mwalimu, huku watoto wa watu hawahesabiwi." Huyo ndiye Mama Renatha. Binti yake Renatha alikuwa wa kwanza darasani na wa mwisho kusema. Nikaeleza faida za hesabu, nikiwa na chaki mkononi, kama vile ninafundisha wajinga. Naona haya nikikumbuka. Walinisikiliza kwa adabu, kisha mmoja mmoja wakaanza kusimama na kufunga vitenge, na nikaona safari yangu inatoka mlangoni. Nikawauliza, sasa ninyi mnataka nifanyeje, niwapeleke watoto wenu kwa kukadiria? Mama Renatha akatoa mkono kwenye kikapu, akaokota punje ya maharage iliyokuwa imedondoka sakafuni. Maharage kwetu Ngara huokoti kwa shida, yamejaa kila mahali. "Hesabu haya," akasema. "Kila mtoto na punje yake. Maharage hayana mama."

Hivyo ndivyo tulivyokubaliana. Kila mtoto atatumbukiza punje kwenye kopo akipanda gari, ataichukua akishuka, ataitumbukiza tena akipanda, nami nitahesabu maharage niwezavyo. Wakati wa kutoka Mama Renatha alinishika kiwiko akaniuliza kama nitamrudisha mwanawe. Nikasema nitamrudisha. Hakuuliza zaidi. Jioni, upande wa pili wa ukuta, nilimsikia Bi Mwanaidi akimwambia Athumani kwamba huyu mwalimu mtoto, mtu akimkubali tu anadhani kazi imekwisha.

Tuliondoka alfajiri, punje thelathini na sita ndani ya kopo. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa aje nami alipatwa na homa usiku wake. Nilipaswa kuahirisha. Leo mtu akiniuliza kosa la kwanza lilikuwa wapi, nitamwonyesha hapo, kabla gari halijawaka: mtu mzima mmoja kwa watoto wote wale, na mimi nikasema haidhuru, kopo lipo. Nyakahura tulisubiri msafara juani, watoto wakiimba. Biharamulo tulilala kwenye madarasa juu ya turubai, asubuhi tukampakia askari wetu wa pori, Masanja, Msukuma mrefu mwenye bunduki na sauti ya upole, akawasalimia watoto kama watu wazima. Na huko porini, jamani, sijui niseme nini. Twiga walivuka njia mbele yetu mmoja baada ya mwingine bila haraka yoyote, na yule mtoto aliyechora kiwele akaninong'oneza, "Mwarimu, hana maziwa mengi kumbe." Watoto thelathini na sita na hakuna aliyepiga kelele. Niliwapenda siku ile kwa namna ambayo sikuwa nimejua kwamba mwalimu huwapenda wanafunzi.

Mchana tulishuka ufukweni mwa ziwa, mahali Masanja alipopachagua, peupe, viboko wakionekana mbali majini. Kila mtoto na punje yake. Wakala karanga, wakatazama ndege, wakaniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake. Saa nane Masanja akasema tuondoke, ili tuwahi kutoka kabla viboko hawajapanda nchi kavu kula majani. Watoto wakapanga mstari, punje zikalia kwenye kopo. Nikakaa mbele karibu na Athumani, nikazihesabu mapajani, mara mbili. Thelathini na sita. Nikamwambia twende.

Tulisimama getini kula. Bi Mwanaidi alikuwa ametufungia ndoo ya maandazi, la kila mtoto moja, yetu watu wazima amefunga pembeni kwenye gazeti. Niligawa mwenyewe. Nilipofika mwisho wa mstari nikatazama ndani ya ndoo, kukawa na andazi. Nikauliza nani hajapata. Wote wanatafuna. Nikauliza tena. Watoto wa shule, njaa ya kutwa, na andazi limebaki; haijawahi kutokea tangu dunia iumbwe. Bi Mwanaidi hakosei hesabu, hilo nilikuwa na hakika nalo kuliko jina langu. Nikawatazama nyuso, mmoja mmoja, na uso ambao sikuuona ulikuwa wa Renatha.

Rafiki yake, Leokadia, ndiye aliyekuwa na jibu, na hakujua kama ni jibu. Alisema bila wasiwasi kwamba Renatha alimpa punje amwekee, maana aliona karatasi ya karanga imeachwa kule kwenye majani, akarudi kuiokota. Yeye akaziweka zote mbili. Alidhani mwenzake amepanda mbele na mwalimu. Ningemgombeza vipi? Watoto wale waliwekeana kila kitu. Mmoja akiumwa, mwenzake anabeba daftari lake, anafagia zamu yake, anamwitikia hata jina. Ukimwambia mtoto wa Bukiriro nisaidie, haulizi ni kitu gani. Mimi ndiye niliyepaswa kujua hilo, na nilikuwa nimekaa nao miezi minane.

Masanja aliwaacha watoto getini kwa wenzake, tukarudi mimi, yeye na Athumani. Nilisali sala zote za utotoni na nikachanganya mistari. Niliwaza viboko, niliwaza nyati, lakini zaidi niliwaza kiwiko changu na mkono ulioshika pale. Masanja hakuniambia usiogope. Aliniambia tu, "Mwalimu, kama ametulia tutampata. Ulimfundisha kutulia?" Nikasema nilimfundisha. Sikuwa na uhakika kama kuimba ni kujifunza.

Alikuwa juu ya kichuguu, hatua chache kutoka kwenye alama za tairi zetu, ameketi amekunja miguu ndani ya sketi yake ya kaki, karatasi ya karanga mkononi. Viboko wawili walikuwa wameshatoka majini, karibu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Masanja alitangulia kumfuata, mimi nyuma yake. Renatha hakuwa amelia. Alinitazama akasema, "Sikusogea, mwalimu," kama mtu anayetoa ripoti. Mimi ndiye niliyelia, kwa sauti, kamasi zote, mpaka yeye naye akaanza, na Masanja akatuambia kwa upole kwamba tulie tukiwa ndani ya gari.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napewa ushauri. Athumani alisema, mtoto yupo, mzima, la kusema ni lipi? Nilipofika, mwalimu mkuu, ambaye Athumani alikuwa hajamnyima habari, aliniita ofisini akafunga mlango. Akanikumbusha kwamba sijathibitishwa kazini, na neno hili likifika wilayani, kazi yangu imekwisha na jina lake limechafuka. Renatha mwenyewe, aliniambia, hatasema. Anadhani kosa ni lake. Nikalala mchana kweupe, nimegeukia ukuta. Upande wa pili Athumani alikuwa anamwambia dada yake kwamba amenishauri ninyamaze. Nikasikia kijiko kinawekwa chini. Kisha Bi Mwanaidi akasema, akijua fika kwamba ninasikia, "Akinyamaza, atafute chumba kwingine. Sipangishi mtu anayekaa na jambo la mtoto wa mwenzie kifuani."

Nilikwenda jioni ile ile. Mama Renatha alikuwa jikoni anamenya ndizi, akanisogezea kigoda, akaendelea kumenya. Nikamwambia yote, na sikujipunguzia. Nilisema nilikuwa peke yangu na sikupaswa kwenda peke yangu. Nilisema sikuwatazama watoto nyuso, nilitazama kopo. Kisu kikasimama. Nikasubiri anifukuze, ningeona nafuu. Akaniuliza alikuwa ameketi juu ya nini. Nikasema kichuguu. Akauliza, viboko umbali gani? Nikamwonyesha kwa mkono, kutoka pale kigodani hadi mti wa parachichi uani kwake. Akautazama ule mti muda mrefu.

Kisha akaniambia jambo ambalo majirani wote walilijua isipokuwa mimi. Zamani alikuwa na watoto wanne, Renatha akiwa mgongoni. Akaja karani mmoja wa kuandikisha watu, akawapanga uani, akawanyooshea kidole, mmoja, wawili, watatu, wanne. Masika ile surua ikachukua wawili. "Najua surua ni ugonjwa," akasema. "Nilikaa shule mpaka la nne, si mjinga. Lakini kile kidole nakiona mpaka leo." Akachukua ndizi nyingine. "Na maharage ni ya kwangu. Nilikupa mimi." Nikamwambia hapana, kosa ni langu. Akasema, haya, basi tumelibeba wawili. Hakunifukuza, ila hakunikaribisha kula, na Bukiriro kutokaribishwa kula ni maneno mengi.

Habari zikazunguka, kama zinavyozunguka. Akina mama waliacha kunisalimia sokoni, au walinisalimia haraka. Mwalimu mkuu aliandikiwa barua, nami nikaandikiwa ya kwangu, ya onyo, nikaisaini. Darasa la Tano, ambao nilikuwa nimewaahidi safari yao mwishoni mwa kiangazi, walikoma kuniuliza. Hilo ndilo lililoniuma. Hata hivyo niliandika upya mpango, safari hii tukiwa walimu watatu, nikaita wazazi tena. Nikawaambia wazi kwamba sitakwenda na kopo. Nitawahesabu watoto kwa vichwa, nikiwatazama nyuso, au hatuendi, na wakikataa nitaelewa. Hawakukataa, hawakukubali. Waliondoka mmoja mmoja, Mama Renatha akiwa wa kwanza, na sikulala vizuri wiki ile yote.

Siku ya safari nilifika shuleni alfajiri nikitegemea uwanja mtupu. Lori la Athumani lilikuwepo, na watoto walikuwepo, wote, katika kaki, na mama zao wamesimama pembeni wamejikunyata kwa baridi. Darasa la Tano thelathini na watano, na Renatha, ambaye sikumwandika. Mama yake alimleta kwa mkono akasema huyu ndiye atakayewaonyesha wenzake namna ya kusubiri. Watoto wakapanga mstari mlangoni mwa lori. Nikainua mkono nianze, na nikaona akina mama wanageuza nyuso, wengine wamefunga macho. Mkono ukanigomea hewani.

Mama Renatha akaushika, akaushusha. "Wewe acha," akasema. "Kama hesabu ina ubaya, ubaya huo unanijua tayari. Nitahesabu mimi." Hakunyoosha kidole. Aliweka kiganja chote juu ya kichwa cha binti yake, akakiacha hapo kidogo, akasema, "Mmoja." Akafunga macho, akayafungua, akasogea kwa mtoto wa pili, akamwangalia usoni, akamtaja jina, akaweka kiganja. Akaendelea hivyo, polepole, kichwa kwa kichwa, watoto wa wenzake wote. Kulipokuwa kumepambazuka sawasawa alikuwa amefika mwisho wa mstari, thelathini na sita, na wote wako juu. Nikasema asante mama, nikageuka nipande.

Akanivuta nyuma kwa kitenge, akaweka kiganja juu ya kichwa changu. "Thelathini na saba," akasema. Kisha akamwambia Athumani awashe gari.